Maswali Mnayoniuliza Kila Siku Kuhusu Vitabu (Soma Kwanza Ndo Unipigie)

Nimechoka kujibu meseji moja mara arubaini, wallahi. Kila siku naulizwa yaleyale na usiku nikilala simu bado inalia, kwa hivyo nimekaa nikayaandika yote hapa, na ukiniuliza kitu ambacho kimo humu ntakutumia hii tu, usione nimenuna. Kwa wasionijua: mi nauza, nanunua na nabadilisha vitabu vilivyokwisha somwa, hapa Lamu mjini, mtaa wa Mkomani, dakani kwetu, yaani baraza ya mlangoni. Nilianza na vitabu vyangu mwenyewe siku nilipoona ukungu unavisoma kunishinda mimi.

Duka liko wapi, mbona ramani ya simu inanipeleka baharini?

Hakuna duka, ni daka. Meza mbili, mabenchi ya mawe yaliyojengwa na waliotangulia, na paka. Ukifika Mkunguni pale mbele ya Ngome shika Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, uelekee kaskazini alafu uliza watoto "kwa Bi Vitabu", watakuleta mpaka mlangoni na watakuomba peremende. Ramani za simu hazivijui vichochoro vyetu, msizilaumu.

Mnanunua vitabu vya aina gani?

Vya Kiswahili nataka kuviona vyote, riwaya, tamthilia, kamusi, na ushairi ndo zaidi manake hapa ukiweka diwani mezani asubuhi, alasiri ishachukuliwa na mzee mmoja ambaye atakaa nayo hapohapo barazani aisome yote kwa sauti ndo alipe. Vya watoto nachukua hata kava ikiwa imetoka, mtoto haangalii kava. Vilivyochapishwa Tanzania nalipa zaidi kidogo kwa sababu huku vinapatikana kwa shida. Hujui kama chako ni cha huko? Angalia ile namba ndefu ya ISBN nyuma, ukitoa 978 ya mwanzo, ikifuata 9976 au 9987 ni Tanzania, ikifuata 9966 ni cha hapa kwetu Kenya. Ikiwa namba nzima ina tarakimu 10 badala ya 13 basi kuna uwezekano mkubwa ni cha kabla ya 2007, na hivyo mi navipenda sana.

Sichukui ensaiklopidia. Najua ni nzuri, najua baba aliilipia kwa awamu, najua zote ziko sawa kuanzia A mpaka Z. Ni mzigo wa punda mzima na hakuna anayenunua.

Nina katoni ya vitabu vya darasa la nane, safi kabisa, vingine havijafunguliwa. Je?

Ndugu yangu, KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ya mwisho ilifanywa 2023. Hivyo vitabu ni vizuri vya kufungia bisi, nasema kwa masikitiko si kwa dharau, manake hata mimi nilibaki na rafu nzima. Mtaala mpya ulianza kwa Gredi 1 mpaka 3 Januari 2019 na wazazi wengi hatukuamini mpaka tulipoona mtoto anakuja na homuweki ya kulea kuku. Vya form 3 na form 4 bado vina uhai kidogo kwa sababu KCSE (mtihani wa form 4) ya mwisho ya 8-4-4, ule mfumo wa zamani, inatarajiwa 2027, lakini usivifungie ukisubiri bei ipande, haipandi. Atlasi, kamusi, vitabu vya hadithi na vya sarufi ya Kiswahili niletee, sarufi haijui mtaala.

Na jambo jingine. Tangu 2018 serikali inapeleka vitabu moja kwa moja kwenye shule za umma, na vina maandishi kwamba si vya kuuzwa. Ukiniletea hivyo nitakwambia urudishe shuleni na nitakwambia mbele za watu.

Kitabu nilinunua 900 Mombasa, mbona wanipa 70?

Hili swali linakuja na hasira kwa hivyo nitalijibu polepole. Hicho kitabu hapa nitakiuza 200, si 900, manake anayetembea na 900 mfukoni atanunua kipya. Katika hiyo 200 nakupa 70 taslimu. Ukitaka kubadilisha na kingine nakuhesabia 100, ndo maana nawaambia kila siku kubadilisha kunalipa kuliko kuuza. Kinachobaki ndo kinachonunua mifuko ya plastiki, kinacholipa boti, na kinachofidia vile vitakavyokaa mezani mpaka viote mvi, kisha nivigawe bure chuoni (madrasa) kwa watoto. Mi mwenyewe sijui kama nimewahi kupata faida mwezi mzima, sijapiga hesabu kwa makusudi.

Ikiwa bado waona nakuibia, kaa nacho. Ila ukikaa nacho kisome, au angalau kifungue mara moja kwa wiki. Kitabu kilichofungwa Lamu hakikai salama, nitaeleza huko chini.

Gesti yetu ina vitabu vingi walivyoacha wageni, Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano. Mwavitaka?

Vya Kiingereza ndiyo, vile vya mauaji na upelelezi hata gunia lete. Kijerumani na Kifaransa nachukua vichache tu, wageni wa kaskazi hununua, yaani Desemba mpaka Machi, baada ya hapo vinalala. Vya Kiitaliano mwenye gari la kwenda Malindi amefaidi, huko Waitaliano wako wengi, wameshajenga na kuzeeka huko, na mtu akikaa mbali na kwao miaka mingi atasoma hata kitabu cha mapishi kama riwaya. Hapa kwangu vyote vitatu nilivyo navyo vimekaa tangu mwaka juzi na paka analalia kimoja.

Nimepata kitabu kina muhuri. Niuze?

Muhuri wa nini? Wa maktaba, rudisha, hata kama kimechelewa miaka, hakuna atakayekufunga. Wa shule, nishasema. Wa mtu binafsi, jina tu, hakuna neno, hiyo ni historia ya kitabu na wengine tunapenda.

Lakini ukifungua ukute pameandikwa *wakfu*, au kwa Kiarabu *waqf*, hicho hakiuzwi, hakinunuliwi, wala hakirithiwi. Mwenyewe alishakitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu kisomwe msikiti fulani au chuo fulani, na mara nyingi jina la mahali limeandikwa hapohapo. Niliwahi kununua gunia moja bila kupekua ndani (kosa langu, nilikuwa nawahi boti) na nilipolifungua nyumbani nikakuta vitatu vya wakfu, ilinichukua siku mbili kuzunguka misikiti nikiuliza, na kimoja mahali pake palikuwa upande wa pili wa kisiwa, Matondoni. Tangu hapo napekua ukurasa kwa ukurasa mbele ya muuzaji, msione nawashuku.

Misahafu sinunui wala siuzi. Uliochakaa mpelekee maalim wako, yeye ndo atakwambia wa kuhifadhiwa na wa kuzikwa.

Babu amefariki ameacha sanduku la vyuo vya mkono, herufi za Kiarabu, karatasi za rangi ya chai. Bei gani?

Usiuze. Usiniuzie mimi na usimuuzie yule mgeni mwenye kofia anayekwambia atakupa dola hapahapo.

Kwanza wajua wazee wetu wa Kiamu, Kiswahili cha Lamu, wakisema *chuo* wanamaanisha kitabu, si chuo kikuu. Visiwa hivi vilikuwa na watu ambao kazi yao ni kunakili na kujalidi vitabu, Siyu ilisifika kwa misahafu yake ya mkono, na huko Pate kulitungwa utendi mrefu wa vita vya Tambuka ambao mwaka wake unaotajwa ni 1728. Kwa hivyo sanduku la babu laweza kuwa na dua za kawaida tu, na laweza kuwa na kitu ambacho hakipo pengine popote duniani, na mimi na wewe hatuwezi kujua kwa kutazama. Msikiti wa Riyadha walikuwa na maandishi kama hayo, yakapigwa picha moja moja kupitia mradi wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, picha zikawa za watu wote na karatasi zenyewe zikabaki Lamu. Hiyo ndo njia. Nenda kwa watu wa makumbusho, waombe wakuangalizie, sanduku ubaki nalo mwenyewe. Na tafadhali karatasi zilizochanika usizibandike soltepu, nawaomba, soltepu ikikauka inaondoka na wino.

Nataka kumzawadia mtu kitabu. Nimpe kipi?

Hapa sasa tukae vizuri.

Kosa kubwa la wapenda vitabu ni kumpa mtu kitabu ambacho *wewe* wataka akisome. Umesoma kitu kikakubadilisha maisha, mbio wamnunulia dada yako, anakiweka juu ya friji, mwaka mzima kila ukienda kwake macho yako yanaenda friji, yeye anajua, wewe unajua, chai inakuwa chungu. Muulize tu anapenda nini. Au mlete hapa dakani umuambie achague na wewe ulipe, hiyo ndo zawadi tamu kuliko zote na haina karatasi.

Harusini usimpe bibi harusi kitabu cha malezi wala cha mapishi, hata kama kina picha nzuri. Mama mkwe atafikiri wewe umemwambia kitu. Wape wote wawili kitu cha kusomeana, mashairi yanafaa.

Mtoto aliyekhitimu, mpe cha hadithi si cha mazoezi. Ametoka kumaliza kazi kubwa ya kusoma, wewe wampa hesabu?

Mgonjwa mpe chepesi, kwa maana ya uzito. Jaribu kushika kitabu cha kurasa 600 huku umelala chali uone.

Mtu asiyesoma kabisa, mpe pesa. Nasema kweli.

Kufunga zawadi: karatasi za kumetameta zinalowa jasho kabla hujafika, funga kwa leso (kanga). Nauza leso pia, ndo maana nasema, haya. Lakini leso ina jina, na jina litasomwa kabla ya kitabu. Mteja wangu mmoja alichukua leso nzuri nyekundu bila kuisoma, akafungia zawadi ya wifi yake, imeandikwa *Hasidi hana sababu*. Walinuniana mpaka Maulidi.

Sina pesa ya kununua, nikimwandikia kitu mwenyewe itakuwa zawadi kweli?

Mshairi Mwana Kupona mwaka 1858 alimtungia binti yake utendi, akiwa mgonjwa, hakumnunulia chochote, na mpaka leo ndo tunausoma. Andika. Usiogope kuvaa viatu vyake, hakuna atakayekupima.

Niandike jina na tarehe ndani ya zawadi au nitaharibu?

Andika, ila kwa penseli. Biro kwa hewa yetu hii ya chumvi na unyevu hupenya upande wa pili baada ya miaka, na kalamu ya maji usiitaje. Andika ukurasa wa mwanzo mtupu, si juu ya jina la kitabu. Andika pia mahali, watu wanasahau mahali, "Shela, jioni, upepo wa kusi" inatosha. Wengine wananiambia maandishi yanashusha bei. Kwangu hayashushi. Vitabu vyenye maneno ndani ndivyo vya kwanza kuondoka, watu wanapenda umbea hata wa miaka thelathini iliyopita.

Nimepewa kitabu zawadi, sikipendi. Ni dhambi kukiuza?

Si dhambi. Subiri mwaka, na usiuze mji uleule anaoishi aliyekupa, na Lamu ni mji mmoja, kwa hivyo kipe boti.

Nasema hivi kwa kuwa yalinifika. Rafiki yangu wa utotoni alipomaliza masomo nilimpa riwaya niliyoipenda sana, nikamwandikia ukurasa mzima, machozi karibu. Miaka sita baadaye kijana akaja na mfuko wa vitabu vya kuuza, natoa kimoja kimoja, nakutana na mwandiko wangu. Na katikati ya kurasa kuna tiketi ya boti ya Mokowe (gati la kule bara), ukurasa wa 12. Alifika wa 12 basi. Nilinuna kutwa, sikula. Alafu nikakinunua, nikakiweka mezani, wiki ileile akakichukua mwalimu mmoja ambaye sa hizi ashakisoma mara mbili na amekuja kunigombeza kuhusu mwisho wake. Kingebaki kwa rafiki yangu hata hizo kurasa 12 zingeliwa na ukungu. Yeye sijamwambia, na tukikutana Usita wa Mui twasalimiana vizuri.

Vitabu vyangu vinaota madoa na kunuka. Nifanyeje?

Unyevu ukishapita kama asilimia 65 ukungu unaanza, na hapa kwetu huwa tumeshapita kabla ya chai. Kipindi kibaya ni masika, Aprili mpaka Juni, Mei ndo balaa. Mambo niliyojifunza kwa hasara:

Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ni nzuri kwa picha. Kwa vitabu, chunguza kwanza, ukuta wa mawe ya matumbawe unanyonya maji, ukiweka kiganja ukauona baridi ya majimaji usiweke kitabu hapo. Rafu iachane na ukuta upana wa vidole vinne ili upepo upite nyuma. Usivibane, kitabu kikitoka kwa kuvutwa kwa nguvu basi havipumui. Chini kabisa ya rafu usiweke kitu, mchwa hupanda kutoka sakafuni na wanajenga njia yao ya udongo kimyakimya, asubuhi moja unainua kamusi inabaki kava. Kama dari lenu ni la boriti, ule unga unaoanguka ni wadudu wanakula mti, futa kila wiki maana unga unavuta unyevu.

Kaskazi ikivuma, toa vitabu vyote nje kivulini, vifungue kama feni, vipate upepo. Kivulini nimesema. Jua linaua ukungu ndiyo lakini linakausha gamu, mgongo unapasuka, kurasa zinabaki kama karata.

Madoa yaliyokauka pangusa kwa brashi laini, nje ya nyumba, funika pua, si afya. Usipake mafuta, usipake spiriti bila kujaribu pembeni. Majani makavu ya mwarobaini bibi zetu waliweka kati ya nguo na kati ya vyuo, nami naweka, yawe makavu kabisa tu, mabichi yanaleta unyevu uleule unaoukimbia.

Wadudu ndani? Friza. Kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, mfuko wa pili, wiki mbili. Ukitoa usifungue mfuko mpaka kirudi joto la kawaida, saa ishirini na nne hivi, la sivyo kitatoka jasho. Mifuko miwili ni ya lazima kama friza ina changu na pweza. Sielezi zaidi.

Na dawa ya kwanza kuliko hizo zote ni kukisoma. Kitabu kinachofunguliwa kinapata hewa, ukurasa kwa ukurasa. Visivyosomwa ndo hufa.

Kitabu cha kuazima kimeanguka baharini!!!

Kwanza tulia. Suuza kwa maji baridi ya bomba taratibu, kimefungwa, chumvi itoke, chumvi ikibaki kitavuta unyevu daima. Kamua kwa kukandamiza si kwa kusokota. Weka karatasi nyeupe kila baada ya kurasa kadhaa, badilisha kila saa, mbele ya feni. Una siku mbili hivi kabla ukungu haujashika, ukiwa huna nafasi kitie friza mpaka upate. Zikiwa kurasa za kung'aa kama za majarida, zitagandana, omba radhi mapema.

Kisha mnunulie mwenyewe kingine. Sahani ya jirani hairudi tupu, na kitabu cha jirani hakirudi kimevimba.

Waweza kunitumia PDF tu?

Hapana. Kenya haki ya mwandishi inaendelea mpaka miaka 50 baada ya kufa kwake, na wengi mnaoniomba waandishi wao wako hai, wana ada za shule. Tenzi za kale hazina mwenyewe, lakini tafsiri na maelezo aliyoyaongeza msomi wa juzi ni yake. Huna pesa kabisa? Kuna maktaba ndani ya Ngome, kaa usome. Au njoo dakani, benchi ni la mawe lakini ni la bure, na sijawahi kumfukuza mtu kwa kumaliza kitabu bila kununua, isipokuwa mmoja na yeye alikuwa anakula mabuyu.

Simu haioti ukungu, hilo nakubali.

Mnatuma nje ya Lamu?

Malindi na Mombasa kwa basi kutoka Mokowe, nauli ya mzigo wako. Faza, Siyu na Pate kwa boti, zafuata maji kujaa pale kwenye mkondo wa Mkanda kwa hivyo usiniulize saa. Lipa kwa M-Pesa kwanza. Nafunga plastiki mara mbili, wimbi likirusha maji boti nzima inalowa.

Nina vitabu ishirini sijasoma na bado nataka vingine. Ni ugonjwa?

Mimi nina zaidi ya hivyo. Leta kumi, chukua vitano.

Mnafungua saa ngapi?

Baada ya alasiri mpaka magharibi, Ijumaa asubuhi tu. Ramadhani baada ya tarawehe, na hapo ndo kunachangamka hasa. Mlango ukiwa umefungwa na paka yuko nje, nimeenda sokoni, kaa.